APRILI 13: SIKU YA BUTIAMA ISIYO NA WINO MWEKUNDU

KATIKA kalenda ya Serikali, mwezi wa Aprili una tarehe mbili zenye wino mwekundu, ukiacha Pasaka na Idi ambazo huhamahama. Tarehe 7 ni kumbukumbu ya Mzee Abeid Amani Karume, aliyeuawa siku hiyo mwaka 1972. Tarehe 26 ni Sikukuu ya Muungano wa mwaka 1964. Kati ya hizo ziko siku nyingine mbili ambazo wananchi huzikumbuka pasipo kuamriwa na mtu. Ya kwanza ni tarehe 12, alipofariki Ndugu Edward Moringe Sokoine kwa ajali ya gari mwaka 1984. Ya pili ni kesho yake, tarehe 13, siku aliyozaliwa Mwalimu Julius Kambarage Nyerere mwaka 1922. Katika siku hizo ofisi hufunguliwa, viwanda hunguruma, na watoto hukimbilia shuleni wakiogopa kuchelewa namba.

Msomaji atasema kwamba Mwalimu anayo siku yake tayari, nayo ni Oktoba 14. Ni kweli. Siku hiyo, ambayo ndiyo aliyofariki mjini London mwaka 1999, ni siku ya mapumziko kwa nchi nzima, na ndiyo siku Mwenge wa Uhuru unapozimwa baada ya mbio zake za mwaka. Ina gwaride, ina hotuba, ina wageni waalikwa na viti vyao vyenye majina. Lakini hiyo ni siku ya kifo. Siku ya kuzaliwa imeachwa mikononi mwa watu wenyewe. Wako walimu wanaoitumia kuwasimulia wanafunzi habari za nchi yao, wako wanaokusanyika kujadili lugha, mila na maadili ya Taifa, na wako wanaofunga safari kwenda Butiama kulizuru kaburi. Ilipotimia miaka 100, mwaka 2022, shauku ilikuwa kubwa zaidi. Baadaye mambo yakarudia hali yake ya utulivu.

Kwa kuwa siku hiyo haina ratiba, njia bora ya kuifahamu ni kwenda kwenyewe.

Safari ya basi kutoka Mwanza hupita Magu na Lamadi, Ziwa Viktoria likijitokeza na kujificha upande wa kushoto. Ukifika Ndabaka, Hifadhi ya Serengeti inagusa barabara. Mara nyingine nyumbu na pundamilia husimama karibu na lami wakilitazama basi kama vile wao ndio walionunua tiketi. Aprili ni kilele cha masika. Mbuga imejaa maji, pamba imesimama mashambani, na udongo mweusi unashika viatu kama gundi. Kisha vilima vinaanza kuinuka, na chini yake ndipo ulipo mji wa Bunda.

Bunda ni mji wa watu walioshuka garini wakabaki. Wapo Waikizu na Wasizaki, ambao ndio wenyeji wa vilima hivyo. Wapo Wajita waliotoka pwani ya ziwa, Wakerewe waliovuka kwa kivuko, Wasukuma waliofuata ng'ombe na pamba, na Wakurya waliofuata biashara. Sokoni nilimkuta mama mmoja anauza udaga, yaani muhogo ulioloweshwa ukaanikwa, ambao ukisagwa hutoa ugali mweusi unaopendwa sana pande hizi kwa sato au dagaa. Aliwahudumia wateja watatu kwa lugha tatu bila kuinua uso. Nilimwuliza anajua lugha ngapi. Alihesabu kwa vidole: Kijita cha mama yake, Kiikizu cha mumewe, Kisukuma cha biashara, na Kiswahili cha Serikali.

"Na watoto, mama?"

"Watoto wana Kiswahili," akajibu. "Na Kiingereza kidogo, kile cha mtihani."

Hakusema kwa huzuni wala kwa fahari. Alikuwa akipima udaga. Mimi ndiye niliyeondoka na neno hilo, nikawa nalo njia nzima, kwa sababu limebeba faida tuliyoipata na hasara tuliyoilipia. Mama huyu na wateja wake wote wanaweza kukaa katika basi moja na abiria wa Mtwara wakazungumza hadi Dar es Salaam. Nchi nyingi za Afrika hazina neema hiyo. Baraza la Kiswahili la Taifa liliundwa mwaka 1967 kuilinda lugha hii, na tangu mwaka 2021 ulimwengu umeitengea siku yake, Julai 7, tarehe ileile ambayo TANU ilizaliwa mwaka 1954. Lakini hadithi ambazo bibi wa watoto wale aliwahi kusimuliwa kwa Kijita hazikuvuka zote kuingia katika Kiswahili. Nyingine zimebaki upande wa pili wa mto.

Chukua habari za Nyakinywa. Masimulizi ya Waikizu yanaeleza kwamba mwanamke huyo alitoka Kanadi, katika nchi ya Wasukuma, akiwa na uwezo wa mvua. Huku alimkuta mwenyeji mwindaji aliyekuwa na moto. Kila mmoja alitaka kumwonyesha mwenzake nani mkubwa, na mvua ikauzima moto. Ndivyo utemi wa Ikizu ulivyopata asili yake kwa mwanamke. Ni kisa cha kupendeza, nacho kina siasa ndani yake: mgeni na mwenyeji, mwanamke na mwanamume, mkulima na mwindaji, wamefanya mapatano. Kijana niliyeketi naye katika basi dogo la kutoka Bunda, mzaliwa wa hapohapo, hakuwahi kulisikia jina hilo. Alijua majina ya wachezaji wote wa Simba na Yanga, na baadhi ya wale wa Uingereza.

Heri wako wazee walioiona hatari hiyo mapema. Wazee kadhaa wa Ikizu na Sizaki, wa Ikoma, Nata na Ngoreme, walikaa wakaandika historia za jamaa zao kwa Kiswahili, katika madaftari ya kawaida, pasipo kulipwa na mtu. Baadhi ya maandishi hayo yalitolewa kitabuni mwaka 2003. Iliwabidi watumie lugha ya Taifa kuyaokoa mambo ya ukoo, na sioni kwamba walikosea.

Barabara hii ya Bunda ina historia yake ya miguu. Mwezi Oktoba mwaka 1967, miezi minane baada ya Azimio la Arusha, Mwalimu alitoka Butiama akatembea hadi Mwanza, mwendo wa zaidi ya maili 130, kwenda kwenye mkutano mkuu wa TANU. Mwaka huohuo vijana wengi walikuwa wakitembea kutoka pembe mbalimbali za nchi kuliunga mkono Azimio, na mmoja wao, Seti Benjamin, alifariki njiani. Rais alikuwa na magari, na alikuwa na ndege. Katika miaka hii ambapo kiongozi wa ngazi ya chini kabisa hawezi kwenda kuzindua choo cha shule bila msafara, habari hiyo husikika kama ngano.

Naam, hata hivyo pana jambo ambalo wengi hawalijui. Mtoto yule alipozaliwa alipewa kwanza jina la Mugendi, ambalo kwa Kizanaki maana yake ni mtembezi. Jina halikudumu. Kwa ushauri wa mganga alibadilishiwa akaitwa Kambarage, jina la mzimu wa mvua. Na Nyerere lenyewe, jina la baba yake, maana yake ni viwavi, kwa kuwa mzee huyo alizaliwa mwaka 1860 katika msimu viwavi walipoivamia nchi. Basi jina ambalo leo limeandikwa kwenye barabara, viwanja, madaraja na vyuo ni jina la wadudu waharibifu wa mazao. Wazanaki hawakuwa wakitafuta majina ya kuvimba; waliandika kalenda yao juu ya watoto wao.

Ukitoka Bunda unapita Kiabakari, kisha unaiacha njia kuu na kuelekea Butiama. Nchi inabadilika. Mawe makubwa ya mviringo yamekaa juu ya mengine kana kwamba kuna mtu aliyeyapanga akaitwa kabla hajamaliza. Katikati ya mawe hayo na miti ndipo palipo Mwitongo, boma la ukoo wa Mtemi Nyerere Burito. Yapo makaburi, zipo nyumba za familia, na yapo makumbusho yaliyofunguliwa mwezi Julai mwaka 1999, miezi mitatu tu kabla ya mwenyewe kufariki. Ndani kuna picha na zawadi alizopewa na wananchi, nyingi za wakati alipoacha urais mwaka 1985. Wilaya nzima sasa hubeba jina la kijiji hiki.

Mtu aliyezoea ikulu na majumba ya wafalme wa zamani atashangaa kwa udogo wa mambo. Mtemi Burito mwenyewe aliwekwa kitini na Wajerumani mwaka 1915, na Waingereza wakamkubali walipokuja. Kabla ya hapo Wazanaki hawakuwa na mfalme mmoja. Mambo yao yaliongozwa na wazee wa koo, waganga wa mvua na marika. Burito alikuwa na wake 22. Mama yake Kambarage, Mgaya wa Nyang'ombe, alikuwa wa tano, na aliishi hadi mwaka 1997. Mtoto alichunga mbuzi na kulima kama watoto wenzake.

Ni katika hayo marika ndimo tulimopata moja ya hazina kubwa za siasa zetu, nayo ilitujia kwa neno moja tu: kung'atuka. Kabla ya miaka ya themanini Mtanzania wa Lindi au Tanga hakuwa na neno hilo. Ni la Kizanaki. Lilitumika kwa rika la wazee linapofika wakati wake wa kuwaachia walio chini yao uongozi, bila kufukuzwa na bila kusubiri kifo. Mwalimu alilichukua neno hilo katika lugha ya kijiji chake akalitia katika Kiswahili, na mwezi Novemba mwaka 1985 akalitenda, akamwachia urais Ndugu Ali Hassan Mwinyi. Uenyekiti wa Chama aliuacha mwaka 1990. Wakati huo katika bara letu marais waliokuwa wamekwisha kuondoka kwa hiari walihesabika kwa vidole vya mkono. Leo neno limo katika kamusi, na mtoto wa shule hulitumia asijue kwamba anazungumza Kizanaki.

Ningeulizwa ni nini hasa cha kusherehekea tarehe 13 Aprili, ningetaja neno hilo kabla ya ngoma na mavazi. Kwa maana utamaduni tumeuzoea kama kitu cha uwanjani: ngozi ya chui ya kitambaa, wachezaji wamepangwa mbele ya jukwaa kuu, dakika tano kila kundi, kisha soda. Sisemi ngoma hazina maana. Litungu la Wakurya, lenye nyuzi zake nane, likipigwa na fundi halihitaji kusifiwa na mwandishi wa gazeti. Mwalimu mwenyewe, katika hotuba yake ya Desemba 1962 alipokuwa Rais wa Jamhuri, alieleza kwamba anaunda wizara mpya ya utamaduni wa Taifa na vijana, na akawachekesha wasomi kwa kuwakumbusha jinsi walivyojifunza kucheza rumba, chachacha na twisti ilhali gombe sugu hawajaiona hata kwa mbali. Ila katika hotuba hiyohiyo alionya pia kwamba kuthamini chetu si kukataa cha wengine. Na mtu huyo ndiye aliyekaa akamfasiri Shakespeare mara mbili kwa Kiswahili, na ambaye mwaka 1955, alipoacha kazi ya ualimu na kurudi kijijini kwa muda, alimfundisha Kizanaki padri wa shirika la Maryknoll.

Hapa sina budi kulitaja jambo ambalo hotuba za sikukuu hulipitia kwa mbali.

Tazama picha yoyote ya Mwalimu akicheka. Meno yake ya mbele ya juu yamechongwa. Hiyo ilikuwa mila ya Wazanaki. Mtoto alichongwa meno ili ahesabiwe miongoni mwa wenzake. Leo huko Butiama hutawaona vijana wenye meno ya namna hiyo. Mila hiyo imekwisha, na Wazanaki bado ni Wazanaki. Hakuna kabila lililokufa kwa kuacha kuchonga meno.

Lakini ipo mila nyingine ambayo haijakwisha. Katika uchunguzi wa afya wa kitaifa wa mwaka 2015 na 2016, wanawake wapatao 32 katika kila 100 wa Mkoa wa Mara walisema wamekeketwa, wakati kwa nchi nzima walikuwa 10 katika kila 100. Sheria ya mwaka 1998 inakataza kumkeketa msichana aliye chini ya miaka 18. Hata hivyo, kila Desemba, shule zinapofungwa, katika baadhi ya koo za mkoa huu msimu hutangazwa. Ngariba hulipwa kwa kila msichana, na sehemu ya malipo hayo huwafikia baadhi ya wazee wa mila. Wasichana wanaokataa hutoroka usiku. Wengine hukimbilia nyumba za hifadhi zilizoko Tarime, Mugumu na hapahapa Wilaya ya Butiama, hukaa huko hadi msimu upite, hufundishwa mambo ya utu uzima bila kisu, na hurudi nyumbani iwapo wazazi watakubali kuwapokea. Si wote wanaokubaliwa.

Sasa yapo maoni kwamba tarehe 13 Aprili ifanywe rasmi, iwe siku ya utamaduni na maadili ya Taifa, yenye mapumziko na sherehe katika kila mkoa. Nimeyasikia maoni hayo Butiama kutoka kwa watu wenye nia njema. Mzee mmoja aliniambia kwamba kitu kisichopewa siku husahauliwa. Nilimwelewa, kwa kuwa nilikuwa nimetoka kukaa na kijana asiyemjua Nyakinywa.

Hata hivyo mimi naona afadhali siku hii ibaki ilivyo. Siku ikiwa rasmi itapata kamati, na kamati itatafuta wazee wa mila wa kuketi mbele. Je, wazee gani? Wale walioandika madaftari ya historia, au wale wanaotangaza msimu wa Desemba? Kwa nje wote huvaa mgolole uleule na kushika fimbo ileile, na afisa utamaduni mwenye orodha ya kujaza kabla ya saa nne hatakuwa na nafasi ya kuwapambanua. Msichana wa miaka 13 aliyemo katika nyumba ya hifadhi atamwona mtu aliyemkimbia akipewa kipaza sauti kwa niaba ya maadili ya Taifa. Siku isiyo rasmi haina jukwaa la kugombea. Mwalimu wa shule anaweza kuuliza darasani kipi katika mila zetu kiendelee na kipi king'atuke, naye mtoto akajibu bila kumwogopa mgeni rasmi.

Kutoka Butiama hadi Musoma ni mwendo usiofika saa moja na nusu hata kwa basi linalosimama kila penye mkono ulioinuliwa. Musoma ni mji ulioingia majini. Kila mtaa ukiufuata sana utakufikisha ziwani. Kambarage alikuja huku mwaka 1934, akiwa na miaka 12, kuanza darasa la kwanza katika shule ya bweni ya Mwisenge. Hapo ndipo alipojifunza Kiswahili, kwa kuwa nyumbani alijua Kizanaki peke yake. Alimaliza kwa miaka mitatu masomo yaliyopangiwa minne, akaenda Tabora mwaka 1937. Shule ingalipo, ni ya msingi kama shule nyingine, na darasa alilosomea limehifadhiwa. Mgeni akipewa ruhusa huingia na kutazama. Haichukui muda mrefu, kwa sababu chumba cha darasa ni chumba cha darasa.

Nilifika watoto wakiwa mapumzikoni. Hapakuwa na bendera za ziada wala mapambo. Ubaoni, katika darasa moja la juu, mwalimu alikuwa ameandika tarehe ya siku hiyo, na chini yake swali moja kwa herufi safi za kiualimu: wanafunzi waende nyumbani wakawaulize wazazi maana ya majina yao, waje waeleze kesho. Nilimwuliza msichana mmoja kama yeye anaijua maana ya lake. Alisema ni Bhoke, na kwao, Tarime, ni jina linalohusu asali, au pengine nyuki, hana hakika. Baba anasema hivi na bibi anasema vingine. Rafiki yake akadakia kwamba yeye anaitwa Neema na hilo halina haja ya kuuliza. Wakabishana kidogo kama hiyo ni haki, kengele ikalia, wakakimbia.

Jioni, ufukweni Mwigobero, wavuvi walikuwa wanatayarisha taa za dagaa, kwa kuwa usiku huo haukuwa na mbalamwezi. Waliitana kwa Kijita juu ya nyavu na injini. Bei ya mafuta wakaijadili kwa Kiswahili, kwa sababu muuzaji alikuwa Mkurya.